Mshahara Wenye Dari

Barua ilinifikia Jumanne asubuhi, karatasi nzito yenye nembo ya klabu. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliibwaga mezani kwa hasira hadi chai ikamwagika. Wazee wa ile klabu ya hoki ya barafuni ya kusini mwa London, niliyoifanyia kazi mwaka mmoja tu nikiwa na miaka ishirini na miwili, wanaandaa chakula cha jioni cha kukumbushana siku za nyuma. Watatundika ukutani picha ya Niranjan, golikipa wetu wa msimu ule, aliyefariki mwaka jana. Wananiomba niseme maneno machache kwa sababu, wameandika, klabu ilikuwa familia moja. Familia! Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka hamsini, nimefanya kazi ofisi nane, na kila bosi aliyeniita familia alikuwa anajiandaa kunipunja. Sitasema maneno machache mbele ya sahani zao. Nitayasema hapa, yote, na kwa Kiswahili, kwa sababu ubaya mwingi wa mwaka ule ulifanyika kwa Kiingereza, lakini ulio wangu mimi ulifanyika kwa Kiswahili.

Ulikuwa mwaka walipofukuzwa wenzetu wa Uganda, na magazeti yalijaa picha za Wahindi waliobeba masanduku kwenye uwanja wa ndege. Mimi na Niranjan hatukutoka Uganda. Tulikuja na vocha zetu za kuingia Uingereza kutoka Kenya, mimi Mombasa, yeye Nairobi, lakini mwenye duka la magazeti pale mtaani alituita sote Waganda na alitusemesha polepole kwa sauti kubwa, utafikiri sisi viziwi. Tulipanga kwa Bi Kulthum, mama wa Kipemba aliyekimbia kwao miaka michache kabla yetu, katika nyumba nyembamba ya Tooting iliyobanwa na nyingine pande zote mbili. Mimi nilikaa chumba cha mbele cha juu, chenye dirisha lisilofungika sawasawa. Niranjan alikaa chini nyuma, katika kilichokuwa stoo, na humo mliingia kitanda kimoja, kiti kimoja na sanduku lake la zana. Jikoni ndiko tulikoishi. Mita ya gesi ilikula sarafu bila huruma, na kwa gesi hiyo Bi Kulthum alipika maharage ya nazi, nazi yenyewe ya kipande kigumu kama sabuni kutoka duka la Wagujarati, na siku akifurahi, wali na samaki. Mezani tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Kwetu, Wahindi wa Mombasa, tulisema Kikachi. Niranjan alikuwa Kalasinga, amekulia Kipunjabi. Bi Kulthum alikuwa na Kipemba chake. Kiingereza cha kutosha nilikuwa nacho mimi peke yangu. Niranjan alijua "yes sir" na "how many inches", basi. Lakini Kiswahili chake, alichokipata katika karakana ya reli kwa mafundi Wakamba na Waluo, kilikuwa kikavu na kimenyooka, na alikionea fahari. Sote tulimwita Fundi.

Fundi alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mkewe, Jasbir, alibaki Nairobi na mimba ya kwanza. Fundi alikuwa amekwenda hadi Croydon, kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji, akapanga foleni tangu asubuhi, akarudi na karatasi ya masharti ambayo nilimsomea pale mezani: barua ya mwajiri kuonyesha mshahara wa kulisha familia, na makazi yao wenyewe, si kitanda katika stoo ya mtu. "Vyumba viwili na jiko," alisema, akiinua vidole viwili. "Sio kumi, Dada Shirin. Viwili tu." Alitaka avipate mapema ili mtoto amwone baba yake kabla hajajua kukaa. Kila alichofanya mwaka ule, kila alichokubali na kila alichovumilia, kilikuwa kwa ajili ya vyumba hivyo viwili, na mtu yeyote aliyekula mezani kwa Bi Kulthum alilijua hilo.

Mimi nilikuwa nimepata kazi kwa tangazo la gazetini: klabu ya hoki yatafuta mpiga chapa. Kwetu hoki ni hoki: majani, jua, Makalasinga na Wagoa wakikimbizana na magongo Jumapili. Nilipofika nikakuta ukumbi wa giza wenye sakafu ya barafu nilidhani nimepotea njia. Kazi niliichukua, lakini nyumbani nilisema tu kwamba nimeajiriwa na klabu ya hoki, maana hiyo habari ya barafu ningeielezaje? Fundi akaweka kijiko chini. Kumbe Nairobi alikuwa golikipa wa timu ya karakana, na pedi zake alikuja nazo London, amezifunga pamoja na zana. Jumamosi, bila kuniambia, alitokea mlangoni mwa uwanja na suti yake na kilemba cha bluu, pedi mkononi, gongo kwapani limeviringishwa shuka, akaangaza huku na huku, akaniuliza, "Dada, majani yako wapi?"

Wachezaji walicheka hadi mmoja akakaa chini kwenye barafu. Mimi niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kuogopa nitaonekanaje mimi, sio ya kumhurumia yeye, nalikiri hilo. Fundi hakucheka wala hakununa. Alikuwa ameshageukia ukuta mfupi wa mbao unaozunguka barafu, akaupapasa, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Mwambie mkubwa wako hizi mbao zimepigiliwa vibaya," alisema. "Msimu hauishi zitakuwa zimepasuka." Mkubwa wangu alikuwa meneja, Mista Haddow, mtu wa tabasamu la kudumu na viatu vinavyong'aa. Alishuka, akasikiliza, akaangalia mbao. Jumatatu Fundi akaanza useremala pale, analipwa kwa saa, na saa za ziada zinalipwa moja na nusu. Kwa malipo hayo, alivyopiga hesabu, angepata vyumba vyake mwakani.

Mchana, wachezaji walipobaki kufanya mazoezi, Fundi alikuwa anamaliza mkate wake haraka anakwenda kusimama golini na mabuti yake ya kazi. Hoki ya barafuni haina mpira. Wanapiga kisahani cheusi kigumu ambacho kikikupata mdomoni unameza meno. Fundi alikidaka. Murray, Mkanada aliyekuwa nyota wa timu, alimpigia mara kumi siku moja na akafunga mbili, na baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Viatu vya barafu alijifunza alfajiri kabla watu hawajaingia, akisukuma kiti cha mbao mbele yake kama mtoto anayeanza kutembea, nami nikipiga chapa juu nasikia kiti kinakwaruza, kishindo, kimya, kisha kiti tena. Kipa hana haja ya kuteleza mbali. Inatosha asimame, aanguke na ainuke upesi. Kufika mwezi wa kumi, kipa wetu alipovunjika kifundo cha mkono, Haddow hakuwa na haja ya kutafuta mwingine.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mishahara, na nitaieleza kwa kifupi maana hata leo inanipandisha damu. Kati ya meza yangu na ofisi ya Haddow palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kila kilichosemwa huko nilikisikia. Mwanzo wa msimu walikuja wakubwa wa klabu nyingine, sita jumla pamoja naye, wakavuta sigara asubuhi nzima na kukubaliana mambo matatu. La kwanza, hakuna mchezaji atakayelipwa zaidi ya kiasi fulani kwa wiki. La pili, mishahara ya timu nzima ya kila klabu isizidi jumla fulani. La tatu, mkataba wa mchezaji ukiisha bado anabaki mali ya klabu yake, na hakuna klabu nyingine itakayomgusa mpaka aachiwe. "Tusipofanya hivi," nilimsikia Haddow akisema, "mwenye pesa nyingi atanunua kila mtu, na sisi wengine tutafunga milango." Siwezi kusema ni maneno ya kipumbavu. Klabu nyingi za zamani zilikufa hivyo hivyo, na mtu akiniambia kwamba ukomo wa mishahara unaweka ligi hai na mashindano ya haki, namsikiliza. Lakini wageni walipoondoka, moshi haujatoka dirishani, Haddow aliniita na daftari langu akaniamuru niandike barua mbili kwa ajili ya Murray. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa ligi, kwa kiasi kilekile cha ukomo. Ya pili ilimwajiri kuwa msimamizi wa ghala la fanicha la rafiki yake Haddow, ghala ambalo Murray hakutakiwa hata kujua liko mtaa gani, kwa mshahara wa pili, pamoja na nyumba ya kukaa bure. "Hii ya pili, Shirin," alisema, "ni kati yako, mimi na droo." Nakala ya kaboni niliitia katika droo ya chini ya meza yangu na nikafunga kwa ufunguo.

Mkataba wa Fundi ulitiwa sahihi Alhamisi, juu ofisini, mimi nikiwa mkalimani. Haddow alisoma kifungu, mimi nikageuza. Kilikuwapo kifungu kwamba atafanya pia kazi nyingine zozote klabu itakazohitaji. Hapo ndipo useremala wake ulipomezwa, na saa zake na nusu zake, kwa maneno manne ya Kiingereza, na mimi nikageuza bila kusita. Kwa wiki angepata pungufu kuliko alipokuwa na randa peke yake. Fundi alipiga hesabu kwa vidole. Ndipo tukafika kwenye ukomo. Kwa Kiingereza walisema "ceiling". Ningeweza kusema kikomo. Ningeweza kusema, kwa heri au kwa shari, hutapata zaidi ya hapa. Lakini nilikuwa binti mwenye cheti, nimevaa blauzi mpya, najiona mkalimani wa mabalozi, nikachagua neno zuri. "Mshahara wako una dari," nilisema.

"Dari?" Fundi aliinua uso.

"Dari."

"Hapo sawa," alisema, akaomba kalamu.

Jioni ile Bi Kulthum alipika wali na samaki, akaweka na achari ya ndimu aliyokuwa anaificha. Fundi alikula mpaka akajifungua vifungo vya koti. Kisha akaeleza, taratibu, kama anayechora ramani ya nyumba.

"Bi Kulthum, kwenu nyumba ya dari ni nyumba gani?"

"Ya ghorofa, baba. Ya wenye nacho."

"Haya. Mimi nimeweka dari nyingi Nairobi. Unalaza boriti nene, unapigilia mbao juu, kwa nini? Kwa sababu kuna mtu atakaa kule juu. Kama hapana mtu wa kukaa, weka mabati, kazi kwisha. Sasa huu mshahara wa leo ndio wa chini. Mdogo, naona. Lakini wameweka dari. Nikicheza vizuri, napanda."

"Alhamdulillahi," Bi Kulthum alisema, kisha akanigeukia. "Shirin, ndivyo?"

Nikaomba wanipitishie pilipili. Ndilo jibu nililotoa. Naliandika kama lilivyokuwa. Palepale nilikuwa nimeelewa alichokielewa, tena nikaelewa kwamba kosa ni la neno langu, na kulisahihisha kulitaka dakika moja tu ya kuonekana mjinga. Nilikuwa bado niko kwenye miezi ya majaribio. Haddow alikuwa amenionya mara mbili kwamba habari za mikataba hazitoki ofisini. Na yule mwanamume alikuwa ameshaanza kumweleza Bi Kulthum kitanda cha mtoto atakachokitengeneza, kwa mbao gani, kimo gani. Nilijiambia nitamweleza kesho. Nilijiambia hivyo mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili.

Msimu ule tulishinda, na tulishinda kwa sababu ya golikipa wetu. Watu walianza kujaa, kwanza kuja kumcheka Mhindi mwenye kilemba juu ya barafu, baadaye kumshangilia, wengi wao kwa mdomo uleule. Walimrushia jina la matusi ambalo nililisikia kila siku kwenye basi na sitaliandika hapa. Halafu akidaka wanaimba. Haddow alichapisha kijitabu cha mechi chenye mchoro wa Fundi amekaa juu ya zulia linaloruka, mbele yake nyoka. Fundi, fundi wa reli! Mimi ndiye niliyepiga chapa maneno yaliyowekwa chini ya mchoro huo. Bei ya tiketi ilipandishwa mara mbili kabla ya mwaka mpya. Barua ikaja kutoka Nairobi, na ndani yake picha: mtoto wa kike, macho yamefumbwa, kichwa kimejaa nywele. Fundi aliisimamisha mezani, ameiegemeza kwenye chupa ya siki, ikala nasi chakula wiki nzima. "Bado hajajua kukaa," alisema. "Nina wakati."

Mwezi wa pili, mwenye klabu moja ya kaskazini alimfuata Fundi baada ya mechi, pamoja na kijana Mpunjabi wa kumtafsiria. Hakuweza kumpa mshahara zaidi, kwa sababu ya mapatano yao. Lakini klabu yake ilikuwa na nyumba ndogo za wafanyakazi karibu na uwanja, na moja ilikuwa tupu. Vyumba viwili na jiko. Fundi alirudi nyumbani usoni amebadilika. Hakutaka kuondoka kabla ya kumpa Haddow nafasi, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu hata kwa wasiostahili. "Kesho nitamuuliza mambo mawili," aliniambia. "Anipandishe darini, nimecheza vizuri. Au aniache niende. Wewe utasema kwa niaba yangu."

Ofisi ya Haddow ilikuwa na joto, yeye amevua koti. Nilitafsiri ombi la kwanza, na kwa kuwa hapakuwa na neno la kukwepa, nilisema kwamba Fundi anataka kupanda juu ya "ceiling". Haddow aliangua kicheko, akanyoosha kidole kwenye dari ya ofisi. "Mwambie ndiyo maana yake hasa. Juu ya hapo hakuna kitu." Nikamwambia. Fundi alitazama kilipoelekea kidole, akatazama kwa muda, kwa jicho la kazi.

"Basi hiyo si dari, Dada," alisema. "Hicho ni kifuniko."

"Nilikosea neno, Fundi. Nisamehe."

"Mtu hukosea neno. Yamepita. Na la pili?"

La pili lilikuwa fupi zaidi. Haddow alisema klabu haimwachii mtu, mkataba ukiisha bado watambakiza, na klabu ya kaskazini inalijua hilo fika na imwogope Mungu. Alisema huku anatabasamu. Fundi alikunja mikono. Aliniambia nimuulize kama katika timu nzima yuko mchezaji hata mmoja anayepata zaidi ya ukomo. Nikauliza. "Hakuna," Haddow alijibu bila kupepesa. "Si Murray, si mtu yeyote. Hapa sote tuko sawa." Nikageuza: anasema hakuna, hata Murray. Ndipo Fundi akanigeukia mimi, akampa Haddow bega.

"Karatasi zote unapiga wewe," alisema. "Sikuulizi anavyosema yeye. Nakuuliza wewe. Yuko mtu aliyepanda?"

Haddow hakujua hata neno moja la Kiswahili. Alikuwa anapangusa miwani. Ningeweza kusema yuko, ni Murray, barua iko kwenye droo ya chini, na uso wangu usibadilike, na yule mtu angedhani tunazungumza habari ya hali ya hewa. Ilikuwa salama kabisa. Nimelirudia hilo maisha yangu yote na sijapata kisingizio: ilikuwa salama, na hakuna aliyenishikia kisu. "Hapana mtu, Fundi," nilisema. Sijui kwa nini. Najua, nasema uongo tena. Nilikuwa nimeshaanza kuwa mtu wa ofisi ile.

Jumapili iliyofuata, kwa kile kifungu cha kazi nyingine zozote, Haddow alimtuma Fundi kuweka rafu nyumbani kwa Murray. Nyumba ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la vyombo, si mbali na uwanja. Vyumba viwili na jiko. Murray hakuwa mtu mbaya, alimpa chai, akamwonyesha alikotaka rafu, na Fundi alipouliza kwa Kiingereza chake cha inchi, "How much rent?", Murray alicheka akasema klabu inalipa. Fundi akauliza pia kama ana kazi nyingine. Murray akaeleza, kwa mikono na kwa maneno mepesi, mshahara anaoupata kwa ghala ambalo hajawahi kuliona. Alidhani kila mtu anajua. Haya yote nilikuja kuyasikia kwa Bi Kulthum, kwa kuwa Fundi hakunisimulia mimi. Alimwambia pia kwamba alipima vile vyumba kwa futi yake, ukuta kwa ukuta, kisha akaweka rafu zikakaa sawa kabisa, kwa sababu hajui kufanya kazi mbovu.

Hakuenda mechi iliyofuata. Haddow alipiga simu nyumba ya jirani, akapiga tena, akaja mwenyewe Tooting na viatu vyake, akasimama mlangoni kwa Bi Kulthum akipaza sauti juu ya sheria na uvunjaji wa mkataba. Bi Kulthum alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa Kipemba atakwenda kumwaga maji ya vyombo pale aliposimama, na akayamwaga. Klabu ilimfuta Fundi kazi, zote mbili. Lakini haikumwachia. Mimi ndiye niliyepiga chapa barua kwa zile klabu tano: mchezaji huyu bado ni wetu, asichukuliwe. Mwanamume wa miaka ishirini na saba, mwenye mikono ile, hakusimama golini tena maisha yake, si barafuni si majanini. Barua ya mwajiri ya kupeleka Croydon hakuwa nayo. Kupitia watu wa gurdwara, hekalu la Makalasinga, alipata kazi katika karakana ya fanicha Edmonton, akaanza upya, na Jasbir alikuja baada ya mwaka mwingine na nusu. Mtoto alishuka ndege anatembea mwenyewe. Alipomwona yule mtu wa kilemba ananyoosha mikono, alijificha nyuma ya miguu ya mama yake akalia. Na mimi, mwezi wa nne wa mwaka ule, nilithibitishwa kazini, nikaongezwa mshahara.

Fundi alihama Jumapili mchana. Nilishuka nikamkuta amekunja godoro, sanduku la zana liko wazi juu ya kitanda, anazifuta moja moja kwa kitambaa cha mafuta. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia Haddow ni mwizi, wenye klabu wote wezi, mkataba ule ni wizi ulioandikwa kwa mashine nzuri. Nilimwambia nimeshindwa kulala. Nililia hata, nikaitwa na Bi Kulthum kutoka jikoni nikakataa kwenda. Alinisubiri nimalize. Alifuta patasi, akaiangalia makali, akaitia kwenye mfuko wake.

"Haddow alinidanganya kwa Kiingereza," alisema. "Kile si changu. Mtu akinidanganya kwa Kiingereza sishangai, nimezoea tangu reli. Wewe, Dada, ulinidanganya kwa Kiswahili. Hapa London nilikuwa na hicho kimoja tu cha kuamini."